Wimbo Usio na Do

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Ndeti amerudi, na mvua imekuja naye. Miaka kumi na moja Ujerumani, kisha anafika na sanduku moja na koti zito ambalo hapa Mutituni hata mbuzi watalicheka. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, kwa hiyo nina haki ya kumcheka kabla ya mbuzi.

Baada ya chakula Mwaitu, mama yetu, alimwomba atuchezee ile kazi yake iliyopata tuzo huko. Ndeti akasita, kisha akatia kaseti kwenye redio. Violini moja ilipiga yowe ikanyamaza. Halafu kitu kama sufuria kikaanguka. Mwaitu akainuka akaenda kugeuza aerial ya redio.

"Steshoni imepotea," akasema.

"Si steshoni, Mwaitu. Ni mimi."

Mama akarudi kuketi, akakunja mikono, akasikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesubiri hukumu mahakamani. Kisha akauliza kama walimpigia makofi. Ndeti akasema walimpigia, tena wakiwa wamesimama. "Nesa," Mwaitu akasema, yaani vyema. "Basi ni watu wazuri."

Nilikwenda kuchekea jikoni ili asinione. Lakini nilipotoka nilimkuta ameshika ile kaseti mkononi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyetaniwa. Ulikuwa wa mtu anayekubaliana na sisi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Nguo hazikauki. Nimewafundisha darasa la saba kwa kupiga kelele.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo tulikaa barazani kuchambua maharagwe, mimi na Ndeti, nikamuuliza piano atainunua wapi. Akasema hatanunua. "Nimeacha muziki, Dada." Alisema vile mtu anavyosema ameacha sigara. Mwezi wa kwanza anaanza kazi Nairobi katika kampuni moja ya utalii, awatafsirie wageni Kijerumani.

Nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Niliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe mpaka akaongea mwenyewe. Walimu wake wa huko, anasema, walikuwa watoto wakati wa vita vikuu. Walisikia nyimbo tamu redioni huku watu wakiuawa, na walipokua wakaapa kutouamini utamu tena. Wakamfundisha kukwepa kila kitu ambacho sikio linatarajia, naye akawa hodari wa kukwepa. Halafu miaka hii ya karibuni mambo yamegeuka. Watunzi, tena wasomi wakubwa, wameanza kurudi kwenye melodi, kwenye sauti zinazopatana, kwenye muziki usioona haya kupendeza. Darasani mwao kulikuwa na mwanamke mmoja aliyefanya hivyo na kumbi zikajaa.

"Tulimwita mpishi wa keki," Ndeti akasema. "Mimi ndiye nilibuni hilo jina."

Kisha siku moja akaenda kusikiliza kazi ya yule mwanamke. Akaketi nyuma kabisa, akalia mpaka jirani yake akampa kitambaa. Hakumwambia mtu yeyote.

"Sasa shida iko wapi?" nikamuuliza. "Si na wewe upike keki."

"Siwezi. Nikiandika kitu kitamu naona aibu, kama nimesimama uchi sokoni. Nikiandika kile kigumu najua nadanganya. Kwa hivyo nimeacha."

Naandika haya nikiwa na hasira. Huyu ni mtoto aliyekuwa akiimba hata akiwa na mafua, mpaka majirani wakatuomba tumnyamazishe. Haachi muziki kwa sababu ya aibu, haiwezekani. Nataka aanze tena. Sina njia ya kumfanya, lakini nataka.

Jumapili, 26 Oktoba

Mchungaji Musili alikuja kunywa chai na kumwona "mwanamuziki wetu". Kanisa jipya litafunguliwa tarehe kumi na nne Desemba, Mungu akipenda, na anataka wimbo mpya wa kwaya wa kuingilia mlangoni. Ndeti akaanza kueleza kwa heshima zote kwamba siku hizi hatungi.

"Atatunga," Mwaitu akamkatiza.

Hapo hapo Mchungaji akainamisha kichwa akaomba: akamshukuru Mungu kwa ajili ya wimbo, kwa ajili ya mtunzi na kwa ajili ya mikono yake. Sisi wote tukasema amina. Kwetu jambo likishaombewa halikataliki tena, na Mwaitu alilijua hilo kabla ya kufungua mdomo. Mchungaji alipoondoka Ndeti akakusanya vikombe.

"Ni wa mwisho, basi," akasema. "Huu na basi."

Jumatano, 5 Novemba

Anaandika. Mlango umefungwa. Redioni wanasema hii mvua ina jina, Elnino. Shamba la chini limekuwa bwawa.

Jumapili, 9 Novemba

Amenipa wimbo. Kurasa mbili za noti za mistari mitano, mwandiko msafi kama wa kitabu. Maneno ameyatunga mwenyewe na nimeyapenda kabla sijaziangalia noti:

Tumefika mlangoni,
miguu ina matope.
Usituulize tulikopita,
tufungulie.

Noti sasa ni mambo mengine. Kwaya yangu haisomi mistari mitano. Sisi husoma solfa, kama baba zetu walivyofundishwa na wamishonari: do, re, mi, ninaiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuitundika ukutani. Na solfa huwezi kuianza kabla hujajua do iko wapi. Do ndiyo nyumbani, zile nyingine zote zinahesabiwa kutoka hapo.

"Do yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Kila wimbo uko na do, Ndeti."

"Huu hauna. Hakuna noti iliyo kubwa kuliko nyingine. Zote ni sawa."

"Hiyo ni hotuba ya kampeni. Mimi nataka kujua nitaandika nini kwa manila."

Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kweli, cha kwanza tangu arudi. "Chagua yoyote, Dada. Haitabadilisha kitu."

Nimechagua noti ambayo besi wanapita pita, kwa sababu Nzomo ana sauti nzuri pale chini. Kazi ya kuandika imenichukua mchana mzima, na karatasi imejaa alama za kupandisha na kushusha mpaka inatisha.

Jumamosi, 15 Novemba

Mazoezi ya kwanza. Nilijua mambo hayatakuwa mepesi, lakini sikujua tutafedheheka hivyo. Nzomo, mkubwa wa besi wetu, anayechonga mawe kule Lukenya na kurudi nyumbani Jumamosi, aliitazama manila akiwa amevua kofia.

"Mwalimu, hii wimbo iko na mapengo. Mtu anaweza kuanguka."

Mueni wa soprano hakuwa na adabu hata hiyo. "Mimi sioni mahali pa kukanyaga. Nikitoka hapa naenda wapi?"

Ndeti alikuwa mvumilivu kama daktari wa meno. Alirudia kila mruko, akawaimbia noti moja moja kwa sauti ndogo kavu. Hata kuimba haimbi siku hizi, anaonyesha tu. Kufikia jioni tulikuwa tumemaliza mstari mmoja na hakuna aliyekuwa na furaha, yeye akiwa wa kwanza.

Jumamosi, 22 Novemba

Mstari wa pili. Wa kwanza wameusahau.

Jumatatu, 24 Novemba

Ndeti ameenda Nairobi kumalizana na wale watu wa utalii. Alipokuwa akifunga begi nilimwambia kwaya itakuwa tayari. Akanipiga busu kwenye paji la uso, Kizungu kabisa, akasema, "Msijiumize, Dada. Ni wimbo tu." Nimemchukia kidogo kwa neno hilo "tu".

Jumamosi, 29 Novemba

Barabara imekatika, Ndeti amekwama Nairobi. Kwaya ilikuja vivyo hivyo, viatu mikononi.

Tulifanyia mazoezi ndani ya kanisa jipya. Mabati ni mapya na bado hakuna dari, na mvua ilipoanza hata aliye karibu nawe humsikii. Alto tukapotea, soprano wakatufuata kupotea. Nilikuwa karibu kuwaambia waende nyumbani Nzomo alipoinua mkono na kuja kunipigia kelele sikioni.

"Mwalimu, wacha sisi tushike do. Hatutoki hapo. Mkipotea mtatusikia, mtarudi."

Ndivyo tulivyofanya siku zote mvua ikitushinda, tangu nikiwa msichana kwenye kanisa la zamani. Sikuona ubaya, kwa kuwa ni mazoezi tu. Besi wakaishika do chini kabisa, wakiivumisha kwa nguvu zote, midomo imefumbwa, wakipokezana pumzi isikatike. Tukaanza.

Sijui niandikeje. Zile noti zote za Ndeti zilizokuwa zikielea hewani zilipata sakafu. Nilikuwa nikiruka na najua nitatua wapi. Zile zilizobaki kali, wanawake wakazilainisha wenyewe bila kuambiwa, hii wakaisogeza juu kidogo, ile chini kidogo, kama unavyovuta kitambaa cha meza kikae sawa. Tulipofika "tufungulie" Mueni alikuwa analia na hakujua kwa nini, akasingizia kwamba paa linavuja.

Huo haukuwa tena wimbo alioandika ndugu yangu. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale, na sikuwasahihisha.

Jumatano, 3 Desemba

Bado hajafika. Nimeuimba nikiosha vyombo. Mwaitu ameuimba akilisha kuku.

Jumamosi, 6 Desemba

Nina mengi ya kuandika na sijui kama nitayamaliza.

Leo mvua ilipumzika. Kulikuwa na jua, jua kabisa. Tuliimba kwa uzuri ambao kwaya yangu haijawahi kuufikia, nami nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Tulipomaliza nikaona Mueni anaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Ndeti alikuwa amesimama pale mlango utakapowekwa, matope hadi magotini, koti mkononi. Gari lilikwama njia panda ya Kyumbi, akatembea.

"Nani aliwaambia mshike do?" akauliza.

"Ilikuwa mvua, bwana Ndeti," Nzomo akajibu. "Tulikuwa hatusikizani."

"Leo mvua haiko."

Nzomo alizungusha kofia yake. "Tumeizoea," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayekiri kwamba amezoea pombe.

Ndeti akapita katikati yetu, akabandua manila ukutani, akaikunja, akatoka. Nikamfuata. Nina miaka hamsini na miguu mibovu, lakini nilimpata kabla ya kisima.

"Miaka kumi na moja!" akasema bila kugeuka. "Miaka kumi na moja nimejifunza kuikwepa hiyo do. Nyinyi mmeiweka kwa Jumamosi mbili. Mmeufanya kuwa wimbo wa, wa..."

"Wa nini? Sema. Wa washamba?"

"Sikusema hivyo."

"Tuliweka do kwa sababu tulikuwa tunapotea, Ndeti. Hatukukaa chini kukuharibia jina. Wewe ulituacha na kitu ambacho hakuna mtu anaweza kushika, ukaenda zako Nairobi, ukasema ni wimbo tu."

"Basi mngeacha! Nilikuambia msijiumize."

"Na wewe ulisimama pale mlangoni tangu lini?"

Akaikunja manila tena, ndogo zaidi.

"Nakuuliza. Ulitusikia tangu wapi?"

"Tangu mwanzo."

"Kama ilikuwa mbaya hivyo, kwa nini hukutusimamisha?"

Alinitazama. Nilidhani atanijibu, na nilitaka sana anijibu, lakini alivaa lile koti lake juani na kwenda nyumbani peke yake. Nilirudi kwa kwaya. Walikuwa wamekaa kwenye mbao kama watoto waliovunja kioo. Niliwaambia wafunge mazoezi kwa sala.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilimtaka aanze tena. Je, kama nimemmaliza kabisa? Zimebaki siku chache kanisa lifunguliwe na hatuna wimbo, lakini hilo silihangaikii. Nahangaikia uso wake.

Jumapili, 7 Desemba

Hakuja kanisani. Hali chakula na sisi.

Jumatatu, 8 Desemba

Hata leo. Mwaitu anampelekea uji chumbani kama mgonjwa na hatoki na neno. Mvua imerudi.

Jumanne, 9 Desemba

Nilikuwa jikoni napika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, alipoingia, akaketi kwenye kile kigoda alichokuwa akikalia utotoni, magoti yakimfika kidevuni.

"Uliniuliza swali," akasema.

Nikaendelea kukoroga.

"Sikuwasimamisha kwa sababu sikutaka iishe. Niliposikia besi nilishika ukuta, Dada. Niliona nitaanguka. Halafu nikaona aibu, kisha nikawakasirikia nyinyi kwa ajili ya ile aibu yangu. Mnisamehe."

Nilimwambia nimemsamehe tangu Jumamosi na kwamba asogee, moshi utamuumiza macho. Macho yake yalikuwa mekundu tayari, lakini moshi ni kitu kizuri, unatunzia watu heshima.

Akaifungua ile manila juu ya magoti. Do itabaki, akasema. Hata zile noti walizozilainisha soprano, ataziandika vile walivyoziimba, maana sikio lao lilisikia kitu ambacho yeye alikuwa anakikimbia. "Lakini kuna mahali mmenikosea kweli. Hapa." Akaweka kidole kwenye "tulikopita". "Hapa mmelainisha, na hapa hapafai kulainishwa. Mvua imebeba nyumba za watu. Kuna waliozikwa mwaka huu. Hawa ndio wanasimama mlangoni wanasema usituulize tulikopita, na nyinyi mnaimba kama mnatoka harusini."

Anataka alto waingie kwenye noti iliyo ubavuni kabisa mwa do, karibu mpaka zikwaruzane, na wakae hapo neno zima. Mara moja tu. Kisha ndipo tushuke kwenye "tufungulie".

"Walimu wako wangesemaje?" nikamuuliza.

"Wangesema nimepika keki," akasema. "Na wapishi wa keki wangesema nimetia chumvi. Nipe kijiko nionje hiyo."

Nilimpa. Nilifurahi hata nikaunguza chakula.

Ijumaa, 12 Desemba

Mazoezi ya mwisho. Alto hatuwezi. Kila tukifika pale tunateleza kwenda mahali pazuri, na mimi mwalimu wao nateleza wa kwanza. Sikio linakataa kama punda. Nzomo naye analalamika kwamba tukikwaruza anahisi kuhama.

"Usihame, mzee," Ndeti akamwambia. "Ukihama wewe, hawa mama hawana wa kushindana naye. Ni wewe unafanya hiyo noti yao iwe na maana."

Nzomo akavimba kifua. Kuanzia hapo hakuna ambaye angemhamisha. Tulikwaruza vizuri mara mbili tu, na mara ya tatu Mueni akaziba masikio.

Jumapili, 14 Desemba

Watu walikuja kutoka kila upande, hata kutoka Mwala, viatu mkononi, na wakanawa miguu kwenye mapipa ya maji nje. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Kwaya ilipanga mstari mbele ya mlango mpya uliofungwa, askofu mbele yetu na fimbo yake, na umati wote nyuma.

Ndeti aliinua mikono. Besi wakashika. Hapo nje, bila mabati wala mvua, do ilikuwa ndogo na ya wazi. Tukaanza. Nilipoona "tulikopita" inakuja niliitafuta do ya Nzomo kwa sikio. Nikaingia pale pabaya, na alto wote wakaingia nami, tukakaa. Ilikwaruza. Niliisikia mpaka kwenye meno. Nyuma yetu watu waliacha kusogeza miguu, na mtoto mmoja aliyekuwa akilia akanyamaza. Sikutaka kutoka pale tena. Kisha Ndeti akashusha mkono wa kushoto polepole, tukashuka, na askofu akagonga mlango ukafunguliwa.

Ndipo kosa likaonekana. Ndugu yangu amezoea kumbi ambamo watu wameshaketi. Alitunga wimbo wa kurasa mbili, na kwetu wimbo wa kuingilia hauishi mpaka wa mwisho aingie. Yeye akafunga mikono kumaliza, na umati ndiyo kwanza unafika kwenye ngazi. Besi hawakuacha. Wazee waliokuwa nyuma wakaidaka do, maana do kila mtu anaiweza, na wanaume wa Mwala nao, na wanawake juu yao, mpaka uwanja wote ukawa unavuma. Ndeti alinigeukia, macho yamemtoka. Hakujua jinsi ya kuuzima.

"Imba!" nikamwambia.

Akaimba. Si ile sauti kavu ya kuonyesha. Alifungua kifua akaanza upya, "Tumefika mlangoni", peke yake juu ya watu wote, na sisi tukamfuata. Tuliuzungusha wimbo sijui mara ngapi, na kila mara tulipofika pale pa kukwaruza alikuja kusimama na sisi alto na kukwaruza nasi, machozi yakimtiririka mbele ya askofu na hakuyafuta. Wa mwisho kuingia alikuwa Mwaitu, na mkongojo wake, bila haraka yoyote. Alipoketi, tukamaliza.

Jioni tulikula sisi watatu. Ndeti alikuwa amepoteza sauti kabisa, anaongea kwa kunong'ona. Mwaitu alikula, akamaliza, akasukuma sahani.

"Na ule mwingine utakuwa lini?"

Niliona Ndeti akifungua mdomo kusema kwamba hakuna mwingine. Tulikuwa tumeelezana jambo hilo, lilijulikana nyumba nzima. Mdomo ulikaa wazi kidogo. Mimi niliangalia sufuria, nikaomba bila maneno.

"Baada ya Krismasi, Mwaitu," akanong'ona.

"Nesa," mama akasema, na akaniambia nimwongezee mwanawe chakula.